Anzia Kalenga, si Berlin: namna ya kusoma Historia na masuala ya jamii ukiwa Iringa, Njombe au Mbeya

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, kijana wa Kalenga kabisa, kwao hapafiki kilomita moja kutoka makumbusho lilipowekwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, aliandika kwenye jaribio kwamba Wahehe "waliongozwa na Mtwa Mkwawa katika vita vya Majimaji". Nilikaa na ile karatasi muda mrefu, kalamu nyekundu mkononi. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Majimaji ilianza Julai 1905. Na Wahehe hawakupigana na Wajerumani katika Majimaji. Walikuwa upande wao.

Kijana hakuwa mvivu. Alikuwa na desa, yaani muhtasari wa kukariri, la kurasa sitini, amelikariri mpaka karatasi zimelegea. Ndani ya desa hilo Mkwawa na Majimaji wamepangwa ukurasa mmoja, chini ya kichwa kimoja cha upinzani dhidi ya ukoloni, na kichwani mwake wakawa kitu kimoja. Kila siku alipita mbele ya makumbusho akienda kuchota maji, ila hakuna aliyemwambia kwamba kilichomo mle na kilichomo kwenye desa ni habari moja.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na wenzake: wanaosoma Historia, Historia ya Tanzania na Maadili, Uraia, na kaka na dada zao wa kidato cha tano na sita wanaohangaika na GS (General Studies). Hautakupa majibu ya mtihani. Utakupa namna ya kufanya kazi, na karibu kila kitu utakachohitaji kipo ndani ya nauli ya daladala.

Hatua ya kwanza: funga kamba ya miaka

Tafuta kamba ya katani au uzi wa kushonea magunia, mita tatu na nusu. Ifunge ukutani, bwenini au sebuleni kwenu, kama kuna mtu wa kukuruhusu. Ncha ya kushoto ni 1850, ya kulia ni 2025. Kila mwaka una sentimita mbili. Kata maboksi matupu upate vipande vya ukubwa wa kiganja, andika tukio moja kwa kila kipande kwa maneno yasiyozidi matano, kisha ubane kwa vibanio vya nguo mahali pake. Tumia rula. Ukikadiria kwa macho, kazi yote imeharibika.

Anza na haya: Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe walipokiteketeza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, naye akauawa. (Wengi wamepita nje ya hospitali ya Lugalo Dar es Salaam bila kujua jina lilitoka wapi.) Kuanguka kwa Kalenga, 30 Oktoba 1894. Kifo cha Mkwawa, 1898. Majimaji, 1905 hadi 1907. Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, 1919. Fuvu kurudishwa Kalenga, 19 Juni 1954. TANU kuzaliwa, 7 Julai 1954. Uhuru, 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Mengine utaongeza kadiri mada zinavyokuja darasani.

Ukishamaliza, rudi nyuma hatua tatu uiangalie. Kati ya kifo cha Mkwawa na Majimaji utaona sentimita kumi na nne zisizo na kitu. Hapo ndipo yule kijana wangu alipodondokea. Jiulize kilichotokea kwenye zile sentimita kumi na nne: watu waliokuwa wamepigana miaka saba mfululizo, mji wao umevunjwa kwa mizinga, mtawala wao amekufa na kichwa chake kimechukuliwa, sasa wanaishi chini ya boma la Wajerumani hapo hapo Iringa. Jirani zao Wabena na Wangoni walikuwa hawajaonja kipigo cha namna ile. Ukiitazama kamba unaanza kuelewa kwa nini maji ya dawa ya Kinjikitile, mganga aliyeanzisha Majimaji, hayakupokelewa kwa namna moja kila mahali.

Tazama tena 1954. Vibanio viwili vinagombea nafasi moja: Mwingereza anarudisha fuvu kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa mwezi Juni, na wiki tatu hazijaisha TANU inaundwa Dar es Salaam. Sisemi moja lilizaa jingine. Nasema mwanafunzi aliyeviona vibanio hivyo vikigusana ataandika insha ya uhuru tofauti na aliyekariri.

Na usijaribu kuiweka Isimila kwenye kamba hiyo. Zana za mawe za pale zina umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na kwa kipimo chetu kila miaka laki moja ni kilomita mbili. Kamba ingetoka dirishani, ikavuka mashamba ya jirani, ikaenda zake.

Hatua ya pili: nenda ukaone, lakini nenda na swali

Safari za kimasomo nyingi nilizozishuhudia ni za kunakili. Wanafunzi sitini wanashuka kwenye basi, wanaandika maelezo ya vibao kwenye madaftari, wanapiga picha, wananunua karanga, wanarudi. Kesho yake ukiwauliza wameona nini, wanakusomea kibao.

Wewe nenda na swali moja tu, uliloliandika kabla hujatoka nyumbani. Kwa Kalenga, nakupa hili: tunajuaje kwamba fuvu lile ni la Mkwawa?

Linaonekana swali la utovu wa adabu, kumbe ndiyo kazi yenyewe ya mwanahistoria. Fuata nyayo zake. Mkataba wa Versailles, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Kwenye kamba yako ni sentimita sabini. Gavana wa Tanganyika, Twining, ndiye aliyelifuatilia mpaka makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi, na lililochaguliwa lilipatikana kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ndugu wa ukoo. Je, huo ni ushahidi wa kutosha? Wapo wanaotilia shaka mpaka leo. Na kwa nini Mwingereza alihangaika nalo wakati huo, si 1920 wala 1930? Nani alifaidika kwa sherehe ile? Ukiwa umesimama mbele ya kioo na maswali hayo, kibao cha maelezo hakikutoshi tena. Utamuuliza mhifadhi, naye atafurahi, maana wengi wanaokuja humuuliza choo kiko wapi.

Heshimu mahali penyewe. Pale ni makumbusho na ni makaburi ya ukoo pia. Kofia vua, sauti punguza.

Ukiwa upande wa Mbeya huna sababu ya kunung'unika kwamba historia yote iko Iringa. Nenda stesheni ya TAZARA. Swali lako liwe: kwa nini reli hii haikwenda kusini mpaka bandari za karibu zaidi na Zambia, ikaja huku kwetu milimani? Jibu linakupeleka 1965, walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikabaki na shaba isiyo na njia salama ya kwenda baharini. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia. China ikatoa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikajengwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Hapo umeshika mada tatu kwa mpigo: vita baridi, ukombozi wa kusini mwa Afrika, na uhusiano wa China na Afrika ambao GS haiachi kuuliza. Chunya ukipata nafasi nenda pia, kwa dhahabu ya Lupa iliyoufanya mji wa Mbeya uote. Walio Songea wana makumbusho ya Majimaji, mahali viongozi wa Wangoni waliponyongwa Februari 1906, na hao hawahitaji nauli.

Hatua ya tatu: kaa na mzee

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwanafunzi anafika kwa bibi na karatasi ya maswali ishirini, anasoma: "Bibi, eleza athari za operesheni vijiji." Bibi anamtazama. Athari ni neno la darasani.

Fanya hivi. Nenda jioni, kazi zikiwa zimepungua, na kakilo ka sukari au kipande cha sabuni. Shikamoo kwanza, ukingoje marahaba yake. Kama ni kwa Wahehe au Wabena na salamu yao ya kamwene unaijua, itamlegeza zaidi. Jieleze wewe ni mtoto wa nani. Daftari libaki mfukoni nusu saa ya kwanza. Ukikuta anapukuchua mahindi, pukuchua naye.

Halafu uliza juu ya vitu, usiulize juu ya miaka. Mimi mwenyewe nilimuuliza bibi mmoja wa Isimani: mlipoambiwa mhamie vijiji vya ujamaa, mlibeba nini kwanza? Hakufikiri hata kidogo. "Mlango," alisema. Mume wake aliung'oa mlango wa mbao wa nyumba ya zamani, wakaubeba kichwani, wawili mbele wawili nyuma, kwa sababu mbao zilikuwa ghali na kule waendako hakukuwa na kitu. Wiki tatu ule mlango ulisimamishwa kwenye fito, nyumba yenyewe ikiwa bado haina kuta. Walikuwa wakifunga komeo usiku. Alicheka aliposema hivyo, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo nikifundisha vijiji vya ujamaa naanza na ule mlango, na darasa halisinzii.

Ili kujua mwaka, mwegemeze kwenye maisha yake: ulikuwa umeshaolewa? Mtoto yupi alikuwa mgongoni? Ni kabla ya vita vya Amin? Nyumbani utaipeleka hadithi kwenye kamba. Agizo la wote kuishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976 lilitolewa 1973. Isimani kulikuwa kumechemka mapema zaidi. Siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi shambani na mkulima wa mahindi, Said Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Habari hiyo ipo kwenye kumbukumbu za nchi, lakini kwa watu wa Isimani ni msiba wa majirani. Usiichokonoe. Mzee akiigusa mwenyewe, sikiliza; asipoigusa, mshukuru uende.

Wazee wawili wakipishana, andika wote wawili. Yupo atakayekuambia ujamaa ulimletea shule, zahanati na bomba la maji, na yupo atakayekuambia ulimfanya maskini. Usitafute nani mwongo. Tafuta kila mmoja alikuwa na ekari ngapi kabla ya kuhamishwa.

Hatua ya nne: shika tatizo la leo, ulifuate linakotoka

Hapa Historia na masuala ya jamii yanaonana ana kwa ana. Chukua udumavu, kwa sababu ni wetu. Utafiti wa afya na demografia wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 kwa nchi nzima. Iringa ilikuwa asilimia 57, ya kwanza Tanzania. Njombe na Rukwa zilikuwa kama asilimia 50 kila moja. Mikoa hiyo hiyo ndiyo inayoitwa ghala la taifa.

Mpe mwanafunzi wa kawaida swali la sababu za udumavu, ataandika "umaskini" na "ukosefu wa elimu", alama mbili, kalamu chini. Mimi pembeni huandika: umaskini wa nani? Elimu ya nini? Mkoa wenye njaa ya kudumu ungeeleweka. Huu una mahindi, maharage, viazi, maziwa, parachichi. Kwa hiyo kitu fulani kinatokea kati ya shamba na kijiko cha mtoto, na kazi yako ni kukitafuta.

Kwanza hakikisha unaisoma namba sawasawa. Mdumavu ni mtoto mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, na chanzo huwa kwenye siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili. Haina maana kwamba asilimia 57 ya watu wa Iringa wana njaa. Wala haina maana kwamba Iringa ndiyo yenye watoto wengi zaidi waliodumaa, kwa kuwa sensa ya 2022 iliihesabia mkoa watu 1,192,728 tu, na mikoa yenye watu wengi inaweza kuwa na asilimia ndogo na idadi kubwa. Kosa hili nimeliona mpaka kwenye hotuba.

Kisha shuka mtaani kwenu ufuate siku ya mama mmoja mwenye mtoto mchanga msimu wa kilimo. Anatoka alfajiri na baridi ya kwetu mnaijua. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji mweupe wa sembe, asubuhi uji, mchana uji. Maharage yamevunwa lakini yamefungwa kwenye gunia yakisubiri lori. Maziwa yanakwenda kwa mnunuzi. Fedha ikirudi, mkononi mwa nani? Andika ulichokiona, si ulichotegemea.

Halafu ndipo urudi nyuma: zao la chakula liligeuka lini kuwa la kuuza? Isimani ilifunguliwa na wakulima wa mahindi ya biashara kabla ya uhuru. Wanaume walikuwa wapi? Enzi za Mwingereza, Njombe na Ukinga zilikuwa zikitoa manamba, vijana waliosombwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro wakijulikana kwa namba zao, na shamba la nyumbani likabaki mikononi mwa mwanamke. Leo lori limebadilika kuwa basi, na anayesafiri ni binti wa miaka kumi na tano anayekwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Ukisikia mtu anatania kwamba wafanyakazi wa ndani wote ni wa Iringa, jua utani huo una babu yake.

Lakini polepole. Kufanana si ushahidi. Huwezi kuandika "manamba walisababisha udumavu" kwa kuwa tu mambo mawili yamekaa vizuri kwenye sentensi. Inabidi uonyeshe viungo vya katikati: nani alibaki, alilima nini, aliuza nini, alikula nini. Kiungo kikikosekana, kiseme wazi kwamba kimekosekana. Hiyo haikupunguzii alama kwa msahihishaji mwenye akili.

Ukishaizoea njia hii utaitumia kwa mada nyingine yoyote: maambukizi ya VVU Njombe, ukataji wa misitu, migogoro ya ardhi Mbarali.

Hatua ya tano: andika aya, acha kuorodhesha

Swali: jadili sababu za kushindwa kwa Majimaji. Hii ni aya niliyopewa, neno kwa neno:

"Sababu ya kwanza ni ukosefu wa umoja. Waafrika hawakuwa na umoja na kwa hiyo walishindwa na Wajerumani ambao walikuwa na umoja."

Hii inaweza kuandikwa juu ya vita vyovyote, popote duniani. Sasa nyingine, ya binti wa darasa hilo hilo baada ya mwezi wa kamba:

"Majimaji iliunganisha makabila mengi lakini haikuwaunganisha wote. Wabena walivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe mwaka 1905, wakati jirani zao Wahehe, ambao Kalenga yao ilivunjwa 1894, walibaki upande wa Wajerumani. Boma la Iringa likawa salama, na kikosi chake kikaweza kutoka kwenda kuokoa boma la Mahenge. Kwa hiyo ushindi wa Wajerumani dhidi ya Mkwawa, uliokamilika 1898, uliwasaidia tena miaka saba baadaye."

Hesabu: dai moja, ushahidi wenye majina na miaka, matokeo, na sentensi ya mwisho inayofunga jambo. Aya nne za namna hiyo zinazidi hoja nane za kukariri. Jizoeze aya moja kila prepo, dakika kumi na mbili ukiangalia saa, kisha mbadilishane na mwenzako. Mwenzako asikusifie, akupigie mstari kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa juu ya nchi nyingine.

Kuhusu lugha: Historia ya Tanzania na Maadili ni ya Kiswahili, ile Historia nyingine ni ya Kiingereza, na hapo wengi hukwama. Usianze na Kiingereza. Tunga hoja yako kwa Kiswahili mpaka iwe imenyooka, ndipo uivushe kwa sentensi fupi. Aliyekosa hoja huisingizia lugha. Nimeona wanaokosea sarufi kila mstari na bado wanapata alama nzuri kwa sababu walikuwa na la kusema.

Kabla ya chumba cha mtihani

Mitihani ya miaka iliyopita kila mtu anaisolvu. Wachache wanajua kwamba Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na sampuli za majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwombe mwalimu akuchapishie wa miaka mitatu. Soma yale mabovu kwanza, utajikuta humo.

Kwenye maswali ya kupanga matukio, kamba itakuwa imeshakufanyia kazi. Kwenye ramani, hakuna njia ya mkato: chora ramani ya Afrika Mashariki kila Jumamosi bila kuangalia kitabu, uweke maziwa, reli ya kati, TAZARA, Kalenga, Songea, Kilwa. Wengi wa kwetu hupanga Ziwa Rukwa mahali pa Ziwa Nyasa, jambo la ajabu kwa mtu aliyekula samaki wa Kyela tangu utotoni. Chora kwa penseli, na ingia na mbili zilizochongwa.